Euro milioni 814 bila dhamana ya benki: kisa cha Mediapro na Ligi Kuu ya Ufaransa

Jumatatu tarehe 28 Mei 2018, ligi ya Italia, Serie A, ilivunja mkataba wake na kampuni ya Hispania iitwayo Mediapro. Kampuni hiyo ilikuwa imeshinda haki za matangazo Februari mwaka huohuo kwa euro bilioni 1.05 kwa msimu. Sky, kampuni ya televisheni ya kulipia, ikaipinga mahakamani, na kubwa zaidi, Mediapro ikashindwa kuleta dhamana ya fedha iliyotakiwa. Siku iliyofuata, Jumanne tarehe 29 Mei, ligi ya Ufaransa, LFP, iliikabidhi Mediapro hiyohiyo sehemu kubwa ya haki za ligi kuu yake, Ligue 1, kwa misimu minne, kuanzia 2020 hadi 2024.

Kila anayetaka kuelewa kisa hiki aanze na hizo siku mbili. Mengine yote, yaani UVIKO-19, uharamia wa mtandaoni na ugomvi na Canal+, televisheni ya kulipia ya Ufaransa, yaliongeza uzito tu juu ya mzigo uliofungwa vibaya tangu siku ya kwanza.

Kilichouzwa, na kwa bei gani

Haki ziligawanywa mafungu, na kila fungu likashindaniwa peke yake. Ligue 1 wakati huo ilikuwa na klabu 20, yaani mechi 10 kwa kila raundi na raundi 38 kwa msimu. Mediapro ilichukua mechi 8 kati ya hizo 10, ikiwemo mechi kubwa ya Jumapili saa 3 usiku. Fungu la tatu, lenye mechi 2, lilikwenda kwa beIN Sports ya Qatar kwa euro milioni 332. Kampuni ya simu na intaneti ya Free ilipata vipande vifupi vya video vya kutazamwa kwenye simu muda mfupi baada ya tukio.

Jumla ilifika euro bilioni 1.153 kwa msimu. Mkataba uliotangulia, wa 2016 hadi 2020, ulikuwa wa milioni 726.5 kwa Ligue 1. Ongezeko hilo ni karibu asilimia 59 kwa mruko mmoja. Sehemu ya Mediapro, ukijumlisha na mechi za daraja la pili, Ligue 2, ilikuwa kama milioni 814 kwa msimu.

Canal+, iliyokuwa ikionyesha ligi hiyo tangu ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1984, haikupata fungu hata moja. Hili lilikuwa na uzito kuliko lilivyoonekana usiku ule. Canal+ ilikuwa mnunuzi, lakini pia ilikuwa duka: mamilioni ya Wafaransa walikuwa tayari na kisimbuzi chake, mkataba wake na mazoea ya kuilipa kila mwezi. Ukimfukuza mwenye duka, lazima uwe na duka lingine.

Dhamana ya benki na ahadi ya kampuni mama

Italia ilidai dhamana ya takriban euro bilioni 1.2, fedha ambazo zingelipwa na mdhamini kama mnunuzi angeshindwa. Mediapro haikuileta, na Serie A ikatoka kwenye mkataba kabla mpira haujaanza kuchezwa. Aibu ilikuwepo, lakini hasara ilikuwa ndogo, maana muda wa kutafuta wanunuzi wengine ulibaki.

Ufaransa haikudai dhamana ya benki. Ilikubali ahadi ya pamoja kutoka kampuni mama, Joye Media, ambayo wenye hisa nyingi walikuwa mfuko wa uwekezaji wa China, Orient Hontai Capital.

Kwenye karatasi vitu hivi viwili vinafanana, kwa sababu vyote vinaitwa dhamana. Kwa vitendo ni mbingu na ardhi. Dhamana ya benki inayolipwa kwa dai la kwanza hufanya kazi hivi: tarehe ya malipo ikipita, ligi inapeleka barua benki, na benki inalipa bila kuuliza nani ana haki na nani amekosea. Benki ndiyo inabaki kumfuata mnunuzi. Ahadi ya kampuni mama ni deni la mtu mwingine ndani ya nyumba ileile. Kama mtoto hana fedha kwa sababu biashara nzima imekwama, baba naye hana. Tena, ili kumdai inabidi uende mahakamani, wakati mwingine ya nchi nyingine, huku wachezaji wako wakisubiri mshahara wa mwezi.

Kwa nini basi ligi haikuidai? Dhamana ina gharama. Benki inatoza ada kila mwaka na hufungia mnunuzi sehemu ya uwezo wake wa kukopa. Mnunuzi anayejua atadaiwa dhamana hushusha bei yake mapema. Kwa hiyo ligi inayoacha dhamana inapata tarakimu kubwa zaidi usiku wa mnada. Nafasi kati ya bei yenye dhamana na bei isiyo nayo ndiyo thamani ya hatari, na hatari hiyo haikupotea: ilihamia kwa klabu, ambazo hazikuulizwa kama zinaitaka.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Mali bila daftari huisha bila habari. Hesabu ifuatayo ingeweza kufanywa tangu 2018 kwa kikokotoo cha simu.

Chaneli iliyoanzishwa na Mediapro, Téléfoot, ilikuja Agosti 2020 kwa euro 25.90 kwa mwezi. Jina lilikodishwa kutoka kipindi cha siku nyingi cha televisheni ya TF1. Mteja anayelipa miezi yote 12 anatoa euro 310.80. Gawanya 814 kwa hiyo: unahitaji wateja milioni 2.6 ili kulipia haki peke yake, kama kila senti ingefika kwako.

Haifiki. Toa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10, inabaki euro 282.50, na wateja wanaohitajika wanapanda hadi milioni 2.9. Msambazaji naye, yaani kampuni ya intaneti inayoweka chaneli yako kwenye kisanduku chake na kukukusanyia bili, anachukua chake. Tukikadiria asilimia 20, inabaki euro 226 kwa mteja kwa mwaka, na sasa unahitaji milioni 3.6. Mediapro wenyewe walitangaza lengo la milioni 3.5, kwa hiyo hesabu yao na hii zinakutana.

Kisha kuna jambo ambalo kila muuza kifurushi cha mpira analijua: mteja hukata Juni na kurudi Agosti. Akilipa miezi 10 tu, mahitaji yanapita milioni 4.3. Hapo bado hatujahesabu watangazaji, kamera, studio na mitambo. Matangazo ya biashara husaidia, lakini hayazibi pengo la mamia ya mamilioni.

Ufaransa ina takriban kaya milioni 30. Lengo la milioni 3.5 lilimaanisha zaidi ya kaya moja katika kila tisa ilipe chaneli mpya, isiyo na historia, yenye mechi 8 kati ya 10 lakini bila zile mbili za fungu la tatu. Shabiki aliyetaka kuona kila kitu msimu ule alihitaji Téléfoot kwa sehemu kubwa ya ligi, Canal+ kwa mechi mbili (ilikuwa imekodi fungu lile kutoka beIN tangu Desemba 2019), na beIN kwa ligi kadhaa za nje. Ligi ya Mabingwa ilikuwa RMC Sport, ambayo Mediapro iliingia nayo ubia ili kuivutia Téléfoot wateja. Mwananchi wa kawaida alihesabu, akaona bili yake inapita bei ya intaneti ya nyumba nzima, akatafuta viungo vya wizi mtandaoni.

Njia ya kufika sebuleni

Nchini Ufaransa televisheni nyingi za majumbani hupitia kisanduku cha intaneti. Kampuni nne zinatawala: Orange, SFR, Bouygues na Free. Asiyekuwa kwenye visanduku vyao au kwenye Canal+ yuko kwenye programu ya simu peke yake, na mwaka 2020 wateja wengi wa mpira bado walitaka runinga kubwa na rimoti.

Makubaliano na kampuni hizo yalikuja Julai na Agosti 2020, ilhali msimu ulianza tarehe 21 Agosti. Mediapro ilikuwa na miaka miwili ya kujipanga. Canal+ haikuibeba Téléfoot kabisa.

Hapa ndipo tofauti na Hispania inapoonekana. Kule Mediapro ilizoea kuwauzia mpira kwa jumla makampuni makubwa ya simu kama Telefónica, na kampuni ya simu ndiyo iliyobeba hatari ya kutafuta wateja. Kuna namna mbili za kumlipa mwenye chaneli: kima cha chini kinacholipwa hata wateja wakiwa wachache, au mgawo kwa kila mteja aliyejiunga. Ukipata ya kwanza, unaweza kuahidi ligi kiasi kisichobadilika. Ukipata ya pili huku wewe umeahidi kiasi kisichobadilika, umekaa katikati ya mapato yanayopanda na kushuka na deni lisilotikisika. Na makampuni ya simu ya Ufaransa yalikuwa na makovu: Orange ilinunua sehemu ya Ligue 1 mwaka 2008, ikaanzisha chaneli yake, kisha ikaifunga mwaka 2012. SFR ilinunua Ligi ya Mabingwa kwa bei kubwa kuanzia 2018. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kubeba hatari ya mtu mwingine mara ya tatu.

Oktoba hadi Februari

Awamu ya kwanza, euro milioni 172, ililipwa Agosti 2020. Ya pili, kiasi hichohicho, ilipaswa kulipwa tarehe 5 Oktoba. Haikulipwa. Mediapro, chini ya Jaume Roures, iliomba bei ijadiliwe upya kwa sababu ya janga la korona, na ikaingia kwenye utaratibu wa usuluhishi katika mahakama ya biashara ya Nanterre. Awamu ya Desemba, milioni 152.5, nayo ikapita. Deni likafika karibu milioni 325.

Hoja ya korona inahitaji kupimwa kwa haki. Ni kweli msimu wa 2019/20 ulikatizwa na serikali mwishoni mwa Aprili 2020, na ligi ikachukua mkopo wenye dhamana ya serikali wa takriban milioni 224 kufidia fedha za televisheni ambazo hazikulipwa. Ni kweli pia kwamba baa zilifungwa, na baa hulipia vifurushi vya biashara. Lakini msimu wa 2020/21 ulichezwa, kamera ziliingia, na watu walikuwa wamefungiwa majumbani mbele ya runinga. Idadi za wateja zilizotajwa hadharani mwishoni mwa 2020 zilikuwa kati ya 480,000 na 600,000. Chukua hiyo ya juu: 600,000 mara euro 310.80 ni milioni 186.5 kwa mwaka mzima, kabla ya kodi na kabla ya msambazaji. Mapato yote ya mwaka yangelipa awamu moja tu na chenji kidogo. Korona haiwezi kueleza pengo la ukubwa huo.

Vincent Labrune alikuwa ameingia kwenye urais wa ligi Septemba, wiki chache kabla. Alichokikuta mezani kilikuwa chaguo baya na baya zaidi: kumshtaki mtu ambaye fedha zake hazionekani, huku haki zikiwa zimefungwa mikononi mwake kwa miezi, au kumlipisha kidogo na kumtoa. Desemba 2020 wakakubaliana: Mediapro ilipe milioni 100, irudishe haki zote, iendelee kuonyesha mechi hadi apatikane mwingine. Wengi walilaani makubaliano hayo. Naona yalikuwa uamuzi sahihi wa mtu aliyekosa silaha, kwa sababu mechi isiyoonyeshwa leo haiuziki kesho, na kila wiki ya kesi ingekula wiki ya haki. Silaha ilikuwa ile dhamana ambayo haikudaiwa mwaka 2018.

Zabuni ya dharura ya Januari 2021 haikuzaa kitu. Februari, Canal+ ilichukua mechi zilizobaki za msimu kwa takriban milioni 35 za ziada. Téléfoot ilizimwa baada ya miezi sita hivi.

Wanunuzi waliokuja baadaye walinunua nini

Tarehe 11 Juni 2021 ligi iliipa Amazon mechi 8 za kila raundi kwa euro milioni 250 kwa msimu, hadi 2024. Mechi 304 kwa milioni 250 ni kama euro 820,000 kwa mechi. Canal+ wakati huohuo ilikuwa imefungwa na fungu lile la beIN: mechi 76 kwa milioni 332, yaani karibu milioni 4.4 kwa mechi, tena mechi kubwa za Jumapili usiku zikiwa kwa Amazon. Canal+ iliomba fungu hilo lirudishwe sokoni, ikakataliwa, ikaenda mahakamani, ikashindwa, ikalazimika kuendelea. Tangu hapo uhusiano kati ya ligi na mteja wake wa miaka 37 haukupona. Kama kuna uamuzi ambao ligi ingepaswa kulala nao siku tatu zaidi kabla ya kusaini, ni huu, kwa sababu mwaka 2023 ligi ilipotafuta wanunuzi wa miaka mitano iliyofuata, Canal+ haikuwa mezani na zabuni ikakosa mshindi.

Upande wa klabu, bajeti za mishahara zilikuwa zimepangwa kwa bei ya 2018. Aprili 2021 mfuko wa Marekani King Street uliacha kuifadhili Bordeaux, ukitaja korona na kuondoka kwa Mediapro. Klabu hiyo ilikuwa na matatizo yake mengine, lakini ilishuka daraja 2022 na kufikia 2024 ilipoteza hadhi ya klabu ya kulipwa. Ligi yenyewe iliuza asilimia 13 ya kampuni yake ya biashara kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC mwaka 2022 kwa euro bilioni 1.5. Fedha ziliziba mashimo, na CVC itakula sehemu yake ya mapato kila mwaka.

Kwa anayeuza ligi huku kwetu

Afrika Mashariki tumewahi kuonja ladha hii kutoka upande wa mtazamaji. Televisheni ya kulipia ya GTV iliingia 2007 ikiwa na mechi nyingi za Ligi Kuu ya England kwa eneo letu, ikauza ving'amuzi, na mwishoni mwa Januari 2009 ikazima ghafla. Ilikuwa na wateja zaidi kidogo ya 100,000 katika nchi nyingi. Ugonjwa ni uleule: haki za bei kubwa, wateja wachache, muda mfupi. Waliobaki na ving'amuzi visivyo na kazi walirudi vibanda umiza.

Mkataba wa Azam Media na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, wa Mei 2021, Shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, una umbo tofauti: mnunuzi ndiye mwenye magari ya kurushia, kisimbuzi na mawakala, kwa hiyo swali la njia ya kufika sebuleni lilikwishajibiwa kabla ya kusaini. Hatari yake iko kwingine, kwamba mnunuzi ni mmoja, na ligi isiyokuwa na mnunuzi wa pili ina nguvu ndogo mezani siku mkataba unapokwisha.

Anayeandika mkataba wa aina hii akague mambo machache kwa macho yake mwenyewe. Dhamana iwe ya benki inayojulikana, ilipwe kwa dai la kwanza, igharamie angalau msimu mzima, na iwe mkononi siku ya kusaini, si "ndani ya siku 90". Awamu ya kwanza iingie kabla ya mechi ya kwanza, na kila awamu ilipie mechi zijazo, kamwe isilipie zilizokwisha kuchezwa. Kuwe na kifungu kinachosema siku ngapi baada ya tarehe ya malipo haki zinarudi zenyewe kwa ligi bila hukumu ya mahakama. Hicho na dhamana ndivyo viwili ambavyo singekubali kuviacha kwa bei yoyote. Mnunuzi aonyeshe mikataba ya usambazaji iliyosainiwa, siyo barua za nia. Aliyeshika nafasi ya pili asiaibishwe, kwa sababu huenda ukampigia simu. Na klabu zipange mishahara kwa sehemu ya fedha iliyo na dhamana tu.

DAZN, na duka la ligi yenyewe

Julai 2024, wiki chache kabla ya msimu, DAZN, kampuni inayoonyesha michezo mtandaoni, ilikubali kulipa takriban milioni 400 kwa mechi 8 kati ya 9 (klabu zilikuwa zimepunguzwa hadi 18), na beIN ikachukua ya tisa. DAZN ilianza kwa euro 29.99 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka na 39.99 bila mkataba. Mashabiki waligoma. Lengo lilikuwa wateja milioni 1.5, na miezi sita baadaye ilikuwa na kama theluthi moja. Februari 2025 ililipa nusu tu ya awamu ya milioni 70, na msimu ulipokwisha wakaachana.

Agosti 2025 ligi ilifungua chaneli yake, Ligue 1+, kwa euro 14.99 kwa mwezi, ikisambazwa na makampuni yote manne ya simu, na ndani ya wiki chache ikatangaza kuvuka wateja milioni 1. Milioni 1 mara 14.99 mara 12 ni karibu milioni 180 kwa mwaka, kabla ya kodi, wasambazaji na gharama za chaneli. Ni kiasi kilekile, pungufu kidogo, ambacho wateja 600,000 wa Téléfoot wangelipa. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyeahidi klabu milioni 814.